Usaili wa Somoe, na Wangu

Iringa

Mke wangu mpenzi, Mama Somoe,

Asalaam aleikum. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima, na mguu wa mama mkwe huko Lionja uwe umeacha kuvimba. Mimi sijambo, ila baridi ya huku ndiyo ile ile, ukidhani umeizoea inaanza upya. Korosho zinaendeleaje? Najua msimu huu unaokota peke yako, maana msaidizi wako nilikunyang'anya tangu amalize mtihani wa darasa la saba.

Barua hii anakuletea Somoe mwenyewe. Anasafiri na mke wa jirani yangu, anayekwenda kwao Nachingwea. Kaka yako Mshamu atampokea stendi amlete Nandagala. Matokeo ulishayasikia kwenye simu, kwamba shule ile ya wasichana imempa nafasi. Lakini simu yenyewe ni ya Mshamu, na kila tukiongea nasikia watu wanasogeza viti wakae vizuri. Haya mengine nilitaka uyasome peke yako.

Kwanza nikiri kosa. Wiki zile za kujiandaa nilimwonea mtoto. Nilipata mitihani ya miaka ya nyuma kwa seremala mwenzangu, na kila jioni nikitoka karakana namkalisha mezani. Hesabu anaziweza. Shida ikawa Kiingereza, kwa sababu hesabu zile zile alizosoma kwa Kiswahili huko nyumbani, huku zimeandikwa kwa Kiingereza, na mimi wa kumsaidia niliishia darasa la saba. Akikwama nagonga meza kwa kidole. Siku moja nikamwambia, "Wenzako wanafuatwa na basi la shule mpaka mlangoni tangu chekechea. Wewe unasinzia."

Akasema, "Ndiyo, baba."

Shikamoo baba, ndiyo baba, nimeshiba baba. Wiki tatu sikupata kwake maneno zaidi ya hayo. Nikadhani ni adabu uliyomfunza.

Mtihani wa kuandika akafanya, na baada ya wiki moja shule ikapiga simu kwamba aende kwenye usaili, aje na mzazi. Niliazima koti la bosi wangu. Mimi nilijua mzazi anakwenda kumsindikiza tu. Kumbe naye anaitwa ndani, peke yake.

Mwalimu mkuu wao ni mama wa makamo, anaongea taratibu. Akanikaribisha kiti, akauliza, "Somoe akikasirika huwa anafanyaje?"

Nikasema, "Hana hasira huyu."

"Rafiki yake mkubwa anaitwa nani?"

Nikashika kifungo cha koti la bosi.

"Anaogopa nini?"

Mama Somoe, jasho lilinitoka na baridi ile. Nikafikiria kutunga jina lolote, nikaona aibu. Nikasema, "Mwalimu, nisikudanganye. Nilipoondoka nyumbani alikuwa na miaka mitano. Nikirudi nakaa siku chache tu. Mama yake ndiye anayejua hayo."

Akaweka kalamu chini. Akaniuliza, wala si kwa ubaya, "Sasa amekuja kwako, na wewe unamleta kwangu akalale bweni. Kwa nini usikae naye kwanza?"

Nilimwambia jambo moja tu nililokuwa nalo, ambalo ulinisimulia wewe kwenye simu, kwamba kabla hajaanza shule alikuwa anakaa kwenye magunia ya korosho anafuatisha herufi kwa kidole mpaka akajua kusoma jina la chama cha ushirika lililochapwa humo. Akaandika kitu, akaniambia asante.

Nilitoka nikijua nimemharibia mtoto. Somoe naye alikuwa ametoka kwenye usaili wake, amekaa kwenye ngazi ameshika viatu mkononi, vimembana. Tukaenda kwa mama mmoja anayeuza chai na maandazi nje ya geti. Nikamwambia, "Mimi nimefeli."

Akaniangalia. "Kwani na wewe baba ulikuwa na mtihani?"

"Ndiyo. Tena wa mambo yako."

Akacheka. Hapo ndipo nilipoona kwamba akicheka anafumba jicho moja, kama wewe. Akataka nimtajie maswali, nami nikamtajia, na yeye akawa ananisahihisha. Akikasirika hasemi, anachukua ndoo anakwenda kisimani hata kama maji yapo. Rafiki yake ni Zainabu, aliyehamia Narung'ombe, na tangu ahame hajapata mwingine.

Nikauliza, "Na unaogopa nini?"

Akalizungusha andazi mkononi muda mrefu. Akasema, "Nilikuwa naogopa nikifeli utanirudisha kwa mama, halafu hutapiga simu tena."

Nilimsogezea andazi langu. Baadaye nikamwambia kwamba simu nitapiga hata akiwa wa mwisho Tanzania nzima, na kwamba ile ya kugonga meza imekwisha.

Akanieleza na ya kwake. Walimuuliza kwa Kiingereza kwa nini anaitaka shule ile. Maneno yakamkimbia, akaomba ajibu kwa Kiswahili, wakamruhusu. Akawaambia, "Shule hii anaitaka baba. Mimi nataka kusoma, popote." Nami nikasema moyoni, basi, sote wawili tumefeli.

Jina lake lilipotoka, hakuruka wala kushangilia. Aliniuliza, "Mama atabaki na nani?"

Nisalimie mama mkwe, umwambie dawa ya mguu ipo ndani ya begi la mjukuu wake. Nisalimie Mshamu na shemeji, na shangazi yangu wa Narung'ombe. Mwalimu wa hesabu wa Somoe mpe salamu za pekee, umwambie kazi yake imeonekana hadi Iringa.

Sasa neno la mwisho. Swali lile la Somoe mimi sikulijibu, nimemwachia alilete kwako. Siku chache zipite, apumzike, kisha mkae wawili jikoni, umuulize anataka nini yeye, si baba yake. Akisema anataka kusoma huku, mrudishe mwezi wa kwanza. Nitakuwa naye kila siku ya kutembelea wanafunzi, na ada nitaimudu, hilo usilibebe. Akisema anataka kukaa na wewe asome sekondari ya hapo, usimshawishi. Niambie tu. Nitafunga randa na misumeno yangu nije huko, maana watu wa Ruangwa nao wanahitaji milango.

Mumeo anayekuwaza,
Baba Somoe