Kopi ya Ufunguo Iko kwa Eedo Deka

Bula Iftin,
S.L.P. 614,
Garissa.

2 Februari 2026

Mpendwa kaka Kadar,

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Hali yako, walaal? Mgongo je, bado unakusumbua ukisimama dukani kutwa? Unakula vizuri huko Johannesburg, au ni chai na mkate tu? Sisi tuko salama, alhamdulillahi, ila mimi mwenzako sina utulivu. Nakaa, nasimama, natoka nje, narudi. Barua hii nimeianza asubuhi na bado niko nayo.

Naandika Kiswahili kama kawaida yetu. Kisomali changu cha kuandika unakijua, utacheka mpaka usahau kusoma. Barua anakuletea Sakariye, mwana wa jirani, anayekuja huko kibiashara, maana namba yako ya zamani haipatikani na mpya hukutupa.

Sasa jikaze. Kompyuta uliyotuachia iliharibika. Inawaka, inazima, mwisho ikakwama kabisa. Nikamwita Abdijabar, fundi wa kompyuta wa pale sokoni, akasema dawa ni kufuta Windows na kuiweka upya. Aliniuliza kama kuna kitu cha maana ndani. Mimi na kujiamini kwangu nikamjibu vitu vyote viko kwenye diski D, havitaguswa, afute tu. Kumbe!

Kweli havikuguswa. Folda ya Hooyo ipo. Nyimbo ulizomrekodi mama yetu naziona zote kwa majina: ule wa kunywesha ngamia, ule wa arusi ya Idman, na ile dua aliyomwombea kila mmoja wetu kwa jina lake. Lakini nikibonyeza, naambiwa sina ruhusa. Nikafungua akaunti kwa jina lako lile lile na nywila ile ile. Wapi! Kompyuta inaninyima ruhusa ya kumsikiliza mama yangu mzazi! Wallahi nilitaka kuitupa mtoni.

Abdijabar ndiye aliyenieleza. Faili zilifungwa kwa ufunguo, na ufunguo wenyewe ulikaa ndani ya Windows ya zamani, ukifungua kimya kimya, ndiyo maana sikujua kama kuna kufuli. Windows ikifutwa, ufunguo unakwenda nayo, isipokuwa mwenyewe awe aliweka kopi mahali. Hapo nikakumbuka sharti la Hooyo. Alikubali kurekodiwa, ila sauti yake isije ikazunguka kwenye simu za wanaume wa nje. Ulifunga kwa ajili yake. Sikulaumu hata kidogo.

Shida ni baba yetu, Aabo. Tangu tumzike Hooyo, kila siku baada ya Alasiri anaketi kwenye mkeka, namwekea nyimbo, anasikiliza. Macho yake hayaoni tena vizuri, raha yake ilikuwa ile tu. Sasa Alasiri ikifika anauliza kama fundi amemaliza, nami namwambia bado. Na Ramadhani hiyo inaingia.

Nilimpigia simu kila mtu. Shangazi yetu Eedo Deka ndiye aliyesema mbona ana kitu chako kidogo, ulimwachia kabla ya kusafiri. Nikapanda basi hadi Wajir, kisha Griftu, vumbi mpaka kwenye meno. Nikakuta ni flashi, bila shaka ndiyo yenye kopi ya ufunguo, ameifunga kwenye pindo la kitambaa ndani ya sanduku lake la nguo. Nikamwomba, akakataa. Nikabembeleza, nikanuna, nikalia. Wapi! Anasema ni amana, na mwenye amana yu hai, atasema kwa mdomo wake mwenyewe. Nilipomwambia ni kwa ajili ya kaka yake mwenyewe, alilia pamoja nami, kisha akafunga sanduku. Shangazi yako unamjua.

Na hata angenipa, Abdijabar anasema kopi hiyo nayo ina nywila yake, anayoijua aliyeiweka. Kila ninapogonga narudishwa kwako. Kompyuta nimeifunika leso, hakuna mtu kuigusa.

Najua kwa nini umenyamaza. Hatukukungoja siku ya mazishi. Lakini Kadar, maiti hawekwi kungoja ndege, na dini unaijua. Alizikwa siku ile ile kabla ya Magharibi. Nikasirikie ukitaka, ila na mimi nimeumia, maana nilimpoteza mama, kisha nikakupoteza wewe. Haya, nimesema, imetoka.

Idman na mumewe wanakusalimu. Hawo mdogo wetu anauliza utamletea nini. Mungu akulinde na mabaya ya huko ugenini na akufungulie riziki ya halali, amin.

Jambo la mwisho. Jana nilishindwa kuficha, nikamweleza Aabo yote, folda, ufunguo, sanduku la Eedo. Nilidhani atazililia nyimbo. Yeye akauliza: kwa hiyo Kadar itabidi apige simu? Nikamjibu ndiyo. Kadar, tangu hapo Aabo simu yangu haiachi mkononi. Nimemwambia barua hata haijaondoka Garissa, hasikii. Anasema ukipiga apewe yeye kwanza, habari za ufunguo zitafuata.

Namba yangu ni ile ile.

Dada yako akupendaye,
Sahara