Kishada Nilichokikata

Papa mpendwa,

Jana Mzee Leon alirudi dukani. Yule Myahudi jirani yetu hapa mtaani Bertrams, aliyekuwa akikuletea suruali zake kisha anakaa saa nzima mkibishana habari za Musa. Alikuwa ameshika ule mfuko wake wa buluu.

Unakumbuka alipouleta mara ya kwanza. Ndani mlikuwa na shali yake ya sala, ya sufu nyeupe yenye mistari myeusi, aliyopewa na baba mkwe wake siku ya harusi. Kona moja ilikuwa imechanika. Ulinipa mimi niishone kwa sababu mikono yako ilikuwa imeanza kutetemeka, nami nikajiona fundi kweli kweli. Nilitumia uzi wa pamba, maana alikuwa ametuonya kwamba sheria yao haitaki kitani kichanganywe na sufu. Halafu nikafanya ulivyonifundisha tangu Bukavu: nguo isitoke mezani na nyuzi zinaning'inia. Nikachukua mkasi, si meno, maana kwa kukata uzi na meno ulinigombeza miaka mingi. Nikazikata nyuzi ndefu zilizoning'inia kwenye kona ile. Nilipoigeuza shali ndipo nikaona kona tatu nyingine zina nyuzi zilezile, mafundo yaleyale: vilikuwa vishada vilivyofungwa makusudi.

"Eish, Papa, nitashonea ingine. Hatajua," nilikuambia huku nalia.

"Hapana, Furaha. Ile vishada iko mu Biblia. Atabusu uzi ya uongo kila asubuhi, na sisi tunanyamaza?"

Mzee alipokuja ulimwambia kabla hajakaa: "Kosa la duka hili ni langu." Hukunitaja. Alikishika kile kishada nilichokikata. Kisha akasema kwamba kwao kishada cha shali hukatwa mwenyewe anapozikwa. Niliona aibu.

Hukujitetea, Papa. Uliuliza tu, "Tufanye nini?"

Akaenda kwake, akarudi na nyuzi zilizosokotwa kwa kazi hiyo tu. Nilinyoosha mkono nizipokee, akatikisa kichwa kwa upole. Alisema lazima azifunge Myahudi, mtu ambaye agizo la vishada ni lake. Akazifunga mezani kwako: nyuzi nne akazipitisha kwenye tundu, zikawa nane, akazungusha na kupiga fundo, akihesabu kwa kunong'ona. Wewe ulimshikia kona kwa mikono inayotetemeka. Mlinipendeza nyote wawili, yeye kwa kutokasirika, wewe kwa kutojificha. Mimi peke yangu ndiye niliyejificha, na ulikufa kabla sijamwambia Mzee ukweli.

Jana nikasema. "Mzee, ni mimi niliyekata."

"Najua," akajibu. "Kishada kilikatwa sawasawa. Baba yako wakati ule hata chai alikuwa anaimwaga."

Kumbe miaka mitatu alijua! Alicheka, kisha akafuta macho. Akafungua mfuko, akanionyesha kona nyingine ambayo mshono wake umeanza kulegea. Kila asubuhi huzikagua nyuzi zote kabla ya kujifunika, ndipo alipoiona. Akaiacha shali yote juu ya meza, akaenda zake bila kuniambia niwe mwangalifu.

Nimeimaliza leo. Mkasi niliufungia kwenye droo, na uzi wangu wa mwisho, nisamehe Papa, nimeukata kwa meno.

Lala salama.

Binti yako,
Furaha