Laini Inayoshika Mashati

Kariakoo, Agosti 2003

Dada Candida,

Shikamoo. Sisi wazima, duka linaenda, na sasa nina simu. Kuchagua laini kumenitoa jasho kuliko kuchagua mume. Mzee Kantilal, jirani yangu wa vitambaa, alisema nichukue ya bei nafuu, Kariakoo nzima wanayo. Mimi nikamuuliza muuzaji kitu kimoja tu: ipi inashika kwetu Mashati? Akacheka, akanipa ya ghali. Kantilal ananiona mwehu.

Nimenunua mbili. Ya pili imo kwenye simu utakayoikuta ndani ya kifurushi hiki. Ni ya baba. Najua hataki hata kunitaja tangu nilipoolewa bila pombe ya mahari, mbege, kufika kwake. Ndiyo maana nimeifunga kwa jani la sale, nimelichuma kwenye mche alioupanda Mama Jovin ndooni hapa uani. Simu anaweza kuikataa, lakini Mchagga gani aliombwa msamaha kwa sale akalirudisha?

Mwonyeshe kibonye cha kijani. Asihangaike na vocha. Abipu tu, mimi nitapiga. Nikipiga akanyamaza, usimnyang'anye simu. Niache nisikilize kuku wa kwetu.

Mdogo wako,
Vicky