Nusu ya Hesabu ya Puli

Jumanne, 2 Septemba 2025

Nimepita kibandani kwa Wepukhulu, hapa Kianda, anichomelee mguu wa kiti. Nilimfundisha fizikia kidato cha pili, kabla karo haijamshinda. Sasa ni fundi wa vyuma, na mikono yake inajua mengi ambayo daftari lake halikuwahi kujua. Leo alikuwa na furaha isiyo ya kawaida.

'Mwalimu, ile hesabu yako imefanya kazi!'

Hesabu gani? Ile ya mduara mkubwa na mduara mdogo, akasema.

Nikakumbuka. Mwezi uliopita nilimchorea kwa chaki juu ya bati: magurudumu mawili, mkanda mmoja. Mkanda una mwendo mmoja tu, kwa hiyo gurudumu dogo lazima lizunguke mara nyingi zaidi ili lisiachwe nyuma. Alifurahi kama mtu aliyeonyeshwa mlango ndani ya nyumba yake mwenyewe. Nami nilifurahi kuliko yeye.

Kumbe alikwenda Kawangware, kwenye kinu cha Mama Waithira, ambako mkewe Nasike ndiye anayesaga. Aliitoa puli ya kinu, lile gurudumu la mkanda, ya inchi nane, akaipeleka ikakerezwa. Ikarudi inchi sita. Foleni iliyokuwa ikifika barabarani sasa inaishia mlangoni!

Nimerudi nyumbani nikitembea kama kijana. Miaka thelathini na mmoja ya ubao, na leo ndiyo mara ya kwanza kuona chaki yangu ikisaga mahindi.

Jumatano, 3 Septemba

Nimeamka na kitu kinanikera.

Nane kwa sita. Mwendo umeongezeka kwa theluthi moja. Sawa. Lakini nguvu inayohitajika kukishika kitu kisitoroke kwenye mduara haiongezeki kwa theluthi. Inafuata mraba wa mwendo. Theluthi nne mara theluthi nne — kumi na sita kwa tisa. Karibu mara mbili!

Kila nyundo ndani ya kile kinu, kila nati, kila skrubu inavutwa karibu maradufu ya ilivyozoea.

Hilo sikumwambia. Chai ilikuwa imeletwa, nikaishia pale.

Ijumaa, 5 Septemba

Nimekwenda Kawangware kuona kwa macho. Mama Waithira, mwenye plot na mwenye kinu, alinipokea kwa vifijo mbele ya wateja. 'Huyu ndiye mwalimu! Hiki kinu ni cha hesabu, si cha kubahatisha.' Nikainamisha kichwa kama bwana harusi.

Nasike alikuwa mweupe kwa unga mpaka kope. Anasimama ubavuni mwa puli, kwa sababu mdomo wa kutolea unga uko upande huo na lazima gunia lishikwe. Kifuniko cha mkanda hakipo. Aliniambia kilikuwa kinakwaruzwa na mkanda baada ya puli kupunguzwa, Wepukhulu akakitoa, atakitengeneza upya 'akipata nafasi'.

Kuna mizani inayoning'inia kwenye boriti. Haina mzigo, lakini ilikuwa inatetemeka. Nikamwonyesha Nasike. Nikamwambia kila kitu kinachoweza kuyumba kina mapigo yake, kama bembea. Ukisukuma ovyo, unajichosha bure. Ukisukuma kidogo tu, ila kwa mapigo yake, inapanda na kupanda. Zamani kinu kilikuwa kinasukuma ovyo. Sasa kimeyapata mapigo ya kile kitako chake cha chuma, na kitako kinaitikisa nyumba nzima.

'Kwa hivyo mashine haijakasirika, Papa? Imepata tu wimbo inaoujua?'

Papa, yaani baba, ndivyo anavyoniita. Sikuwahi kupata jibu kama hilo darasani.

Musembi, mteja anayenunua pumba za kuku wake, akadakia kutoka kwenye foleni: 'Mwalimu, hiyo mashine ikipaa, iambie itue kwangu!' Watu wakacheka. Nilicheka pia. Kabla ya kuondoka nilichora mstari wa chaki kwenye kila nati inayokishika kitako, ukapita mpaka kwenye chuma kilicho chini yake.

Jumatatu, 8 Septemba

Nati nne. Mistari mitatu imekatika: nusu ya juu imehama, nusu ya chini iko palepale. Siku tatu tu.

Kutoka kinuni nimekwenda moja kwa moja kwa Wepukhulu. Nikamweleza habari ya mraba. Alisikiliza hadi mwisho, miwani yake ya kuchomelea juu ya paji la uso. Kisha akauliza polepole, bila ubaya: mbona hukuniambia siku ile?

Nikasema hukuniambia ni ya nini.

'Na wewe, Mwalimu, hukuniuliza naenda kuifanyia nini.'

Nikamwomba arudishe puli ya zamani. Ipi? akauliza. Ya zamani ndiyo hii hii, imepunguzwa! Chuma kilichokerezwa hakioti tena kama kucha. Ameahidi kukaza nati na kuagiza puli nyingine ya inchi nane. Fundi wa kusubu, anayemimina chuma, anasema Jumanne ijayo, tarehe kumi na sita. Hadi wakati huo kinu kisage, Wepukhulu anasema, 'pole pole'. Kinu hakijui pole pole. Mota ina mwendo mmoja.

Alhamisi, 11 Septemba

Skrubu inayoishika puli kwenye ekseli imechomoka leo asubuhi, kinu kikiwa kinazunguka. Nasike amenipigia simu mwenyewe. Alikuwa ametoka mlangoni kumsalimia jirani. Salamu tu! Kama angekuwa mtu wa kiburi, angekuwa pale.

Nimekuta tundu kwenye ukuta wa mabati, dogo, kingo zake zimepinda kuelekea nje. Watu walikuwa wanabishana. Wengi waliamini kitu kikitoka kwenye gurudumu kinakimbia moja kwa moja kutoka katikati. Sivyo. Kinashika njia iliyonyooka, ile kiliyokuwa kikiielekea wakati kilipoachiliwa, inayougusa mduara ukingoni tu. Nikaomba uzi. Nikashika ncha moja kwenye tundu, nyingine ukingoni mwa puli. Uzi ukanyooka vizuri.

Nikamwomba Nasike asimame mahali pake pa kila siku.

Uzi ulimgusa shingoni.

Hakuna aliyecheka. Hata Musembi.

Wepukhulu alikuja na boda, jasho linamtoka. Aliutazama uzi. Kisha akafanya alichojua kufanya: akatoboa tundu kubwa zaidi, akatia skrubu nene zaidi, akakaza mpaka mishipa ikamtoka. Nikamwambia: umeongeza uzito upande mmoja wa gurudumu. Akanijibu bila kugeuka, 'Mwalimu, wacha niwe na kitu kimoja nilichofanya vizuri leo.' Nikaukunja uzi. Saa nane kinu kilikuwa kinasaga tena, na mizani ilikuwa inacheza zaidi kuliko Jumatatu.

Ijumaa, 12 Septemba

Nimezungumza na Mama Waithira, sisi wawili tu, nje kwenye benchi. Nilimwambia afunge mpaka Jumanne. Si mama mbaya. Yeye pia hakulala vizuri, anasema. Lakini kesho ni Jumamosi, mahindi mapya yameanza kuteremka kutoka Kitale, na kuna wanawake wanaokuja kwa miguu kutoka Kangemi wakiwa wameviacha vinu viwili njiani.

'Mimi nimewaambia hiki ni kinu cha hesabu ya mwalimu. Siwezi kusimama tena niseme hesabu imekosea. Sema wewe. Kesho, wote wakiwa hapa. Ukisema, nafunga hapo hapo. Usiposema, tunasaga.'

Nimefika nyumbani, Wepukhulu ananingoja mlangoni. Habari zimefika kabla yangu. Aliomba nisiseme. Nikisema mbele ya watu, nani atamletea kazi tena? Nikamuuliza, na Nasike? Akasema amemwambia akae nyumbani kesho, na Nasike amekataa: asiposimama yeye, atasimamishwa mwingine asiyejua hata kuinama. Alipokuwa akiondoka alisema kitu kimoja tu. 'Mimi nilifanya vile ulivyonichorea.'

Kweli.

Jumamosi, 13 Septemba

Naandika nikiwa kwenye benchi la kinu. Saa nne na robo. Nilifika saa tatu nikiwa tayari kusema, na kabla sijafungua mdomo stima ikapotea. Kwa hiyo kimya. Magurudumu yamesimama, mizani imetulia. Watu ishirini na kitu, magunia na madebe, wanangoja stima. Hakuna kelele ya kunizuia. Ningeweza kusema sasa. Badala yake nimetoa daftari — kupanga maneno, najiambia.

Nimeandika: 'Ndugu zangu, fundi hakunielewa vizuri.' Nimeifuta. Alinielewa vizuri sana. Darasa zima la miaka yangu yote halikuwahi kunielewa hivyo.

Nimeandika: 'Kuna jambo dogo la mraba wa mwendo.' Nimeifuta. Wataniuliza mraba ni nini, nami nitafurahi, nitaomba chaki, na tutafika saa saba bado naeleza. Najijua.

Nimeandika: 'Nilifundisha nusu.' Hiyo sijaifuta. Lakini ina maneno mawili tu, na sijawahi kusimama mbele ya watu nikiwa na maneno mawili.

Musembi amesogea karibu. Anauliza kama naandika wosia. Wepukhulu yuko ng'ambo ya barabara, ameegemea nguzo, haji. Mama Waithira anahesabu magunia kwa macho na kila mara macho yanarudi kwangu.

Nasike ameketi juu ya debe lililofunikwa, anajipangusa kope kwa ncha ya leso —

Balbu imewaka! Watu wameshangilia. Nasike ameinuka, amefika kwenye swichi, ameweka mkono.

Hajawasha. Ananitazama.

'Papa, niwashe?'

Foleni yote imegeuka. Ni mimi ninayesubiriwa, na bado naandika.