Kanga Jukwaani

Johannesburg, Juni 2018

Mume wangu Bakiri,

Nisalimie wote hapo Tanga. Huku baridi imeanza, na cherehani yangu imetengenezwa.

Uliniachia mke mwenzangu Shufaa ukaniomba nimtembeze, aujue mji. Basi mteja wangu wa Sandton akanipa tiketi mbili za onyesho la zamani lililorudishwa jukwaani, lile la wachezaji wenye vyuma kwenye soli za viatu. Ukumbi ulijaa wazee wa Kizungu. Viatu vilipoanza kugonga, bibi wa mbele yetu alilia kwa furaha, na mumewe akapiga miluzi kama mtoto.

Shufaa naye akapagawa. Akaninong'oneza, "Dada, hapa wachezaji hutunzwa?"

Nikamwambia, "Hutunzwa sana. Nenda."

Akavua kanga mabegani, ile uliyompa siku ya harusi yenu, akapanda jukwaani kumvisha mchezaji, kama tufanyavyo ngomani kwetu. Muziki ukakatika. Ukumbi mzima ukacheka, na simu zikainuliwa.

Mlinzi mmoja, Mkongo, alimshika mkono akamleta hadi kwenye kiti changu. Akaniuliza, "Mama, huyu ni mutu wenu?"

Nikamjibu simjui.

Akamtoa nje. Mimi nilikaa mpaka mwisho, nikasimama kupiga makofi pamoja na wengine. Lilikuwa onyesho zuri.

Video imeenea mitandaoni, nadhani mama yako ameshaiona. Shufaa amefunga begi lake.

Uliniomba nimtembeze. Nimemtembeza.

Mkeo,
Mwanaharusi