Viganja vya Mbuyi na Kabanga

Mjukuu wangu Ngalula,

Huku tuko wazima, na mama yako amerudi kuuza unga sokoni. Umeuliza kwa nini mi nimezeeka nikichunguza arseniki, ile sumu ya maji ya kunywa.

Tulipofukuzwa Kolwezi, Katanga, pamoja na Wakasai wenzetu kwa sababu ya asili yetu tu, tulingoja treni na wadogo zangu mapacha, Mbuyi na Kabanga. Mama aliwanywesha pacha hao kwa zamu kutoka kopo moja, kama desturi yetu inavyotaka.

"Mapasa banakunywaka kopo moja," alisema.

Kisima chetu huko Kolwezi pia kilikuwa kimoja. Lakini viganja vya Mbuyi vilikuwa vimeota sugu, ambazo baadaye nilijua ni alama ya arseniki, vya Kabanga laini kabisa.

Waliotufukuza walisema sisi Wakasai wote ni damu moja. Mi nilikuwa nimeshika mikono ya watoto wa mimba moja, na maji yalikuwa yamewatofautisha. Nilitaka kujua yaliona nini kwa Mbuyi ambacho hayakukiona kwa Kabanga.

Kambo yako, kama mnavyoniita nyinyi wajukuu