Sinia la Kusikilizia Nyota

Kaka yangu Sula,

Kuanzia mtaani kwetu Malukhu mpaka Mombasa hakuna mtu mwenye bahati kama mimi, na Mombasa nimefika mara nyingi kuliko wewe ulivyofika sokoni. Lori lilipopinduka njia ya Tororo wenzangu walivunjika miguu. Mimi nilipoteza kiatu kimoja, tena kilikuwa kinanibana. Kule Malaba siku moja walikamata kila mtu aliyevaa kofia, na yangu ilikuwa imepeperushwa na upepo nusu saa kabla. Na kubwa kuliko yote: asubuhi ile askari walipokuja nyumbani kukufuata wewe, mimi nilikuwa Jinja. Nimekaa kando ya mto, nakula samaki, ngege wa kukaanga, mafuta yananitiririka mpaka kwenye kiwiko. Hadithi hiyo nimeisimulia Mbale nzima. Watu wanacheka, wananipiga mgongoni, wanasema, "Zubeiri, wewe Mungu anakupenda vibaya sana!"

Nakuandikia wewe, lakini barua nimeiacha wazi isomwe na yeyote, hasa Hanifa mke wako. Shehe ameuliza tena swali lake mwezi huu. Nitalifikia.

Unakumbuka siku ulipovunja vitanda vya baba vya kuanikia kahawa? Ulibandua wavu wa waya wote, ukaukunja juu ya fito za mianzi, ukatengeneza sinia kubwa kama la kulia watu hamsini, ukalisimamisha uani limeelekea juu. Baba alitoka na fimbo.

"Kahawa yangu sasa niianike juu ya kichwa chako?"

"Baba, nasikiliza kama kuna watu."

"Watu wapi?"

"Huko kwenye nyota."

Mzee akatazama juu, akatazama sinia, akakutazama wewe. "Hawa wa hapa chini umeshawamaliza?"

Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini. Wewe hukucheka. Ulikuwa na ile kazi yako ya kutengeneza redio, na sanduku alilokuachia yule Mhindi aliyekufundisha, siku alipofukuzwa nchini: vifaa vyake vyote na rundo la magazeti ya sayansi. Humo ndimo ulimosoma kwamba wako watu wazima, wenye digrii na wake na watoto, ambao kazi yao ni kutega sikio angani kusubiri salamu. Ulinisomea kwa sauti kama mtu anayesoma barua ya mchumba.

Mimi darasa la tano nilimaliza, la sita nililiona dirishani. Kwa hiyo ulinieleza kwa lugha ya taniboi, utingo wa malori kama mimi.

"Tukipotezana mjini siku ya soko na hatukuagana, utanitafutia wapi?"

"Kwenye mnara wa saa."

"Nani amekuambia?"

"Hakuna. Kila mtu Mbale anajua."

"Basi na angani kuna mnara wa saa," ukasema. Ukanieleza kuna hewa inaitwa haidrojeni, imejaa kila mahali, na kwenye redio ina mlio wake mmoja ambao haubadiliki, uwe hapa au uwe kwenye nyota ya mwisho. Mwenye akili yeyote, hata awe na miguu sita, akitaka kuita wageni asiowajua atakwenda kuitia karibu na mlio huo. Na sisi tukitaka kumsikia tutamsubiri hapohapo. Mimi nimezunguka nchi nne, nimelala na kula na watu wa kila namna, na sijasikia jambo zuri kama hilo tena.

Majirani walikucheka kwa kusikiliza nyota saa sita mchana. Ukawaambia nyota haziendi popote, jua ndilo linatufumba macho, na redio haihitaji giza. Ukakaa kwenye kigoda, hedfoni masikioni, betri ya lori miguuni, daftari gotini. Ulikuwa unajua mtambo wako ni mdogo. Ulisema wenzako wa nje wana masinia makubwa kama uwanja wa mpira na bado hawajasikia kitu. Ukasema tena kwamba salamu ikifika leo, aliyeituma huenda aliituma kabla babu yetu hajatahiriwa.

"Sasa ukiijibu," nikakuuliza, "atakayepokea jibu ni nani?"

"Wajukuu wake."

"Na wewe unapata nini?"

"Najua kwamba hatuko peke yetu, bwana mkubwa. Hiyo haitoshi?"

Nikakuuliza pia mbona wako kimya miaka yote hiyo. Ukafikiri. Ukasema labda hawapo. Labda wako mbali mno. "Au labda wanasikia," ukasema, "lakini wanaogopa kuitika."

Mimi nikapandisha mabega. "Anayeitwa akasikia akanyamaza, huyo ni mtu gani? Mimi nikiitwa naitika, hata akiniita simba!"

Ulinigonga kichwani na penseli. Laiti ungenigonga na nyundo.

Halafu ikaja ile asubuhi uliyoruka kutoka kigodani. Ulinivalisha hedfoni. Kulikuwa na mlio, tik-tik-tik, umepangika kama mtu anayebisha hodi. Penseli ilikudondoka. "Usimwambie mtu," ukasema. "Kazi hii ina sheria yake. Kwanza hakikisha si kelele ya nyumbani. Niahidi." Nikakuahidi, kaka. Na miguu yangu ikanipeleka moja kwa moja kwenye hoteli ya chai pale stendi.

Alikuwepo yule sajini aliyependa hadithi zangu. Unajua mimi na Kiswahili. Mbale wengi walikuwa wakisikia Kiswahili wanafunga dirisha, kwa sababu kwetu kilikuja na bunduki za askari. Mimi nilikiokota barabarani kwa madereva wa Kenya, nikakivaa kama suti. Ulinionya nisijifanye hodari nacho mbele ya askari.

"Afande," nikasema, "redio yenu ya kambini inasikia mpaka wapi?"

"Mpaka Kampala. Kwa nini?"

"Ya kaka yangu inasikia mpaka kwa watu ambao hata mkubwa wenu hana habari nao. Na leo wamejibu."

Hoteli nzima ikacheka. Sajini hakucheka. Aliweka kikombe chini taratibu. "Kaka yako anakaa wapi?"

"Malukhu, afande. Uliza nyumba yenye sinia, utaletwa."

Niliporudi nilikukuta umejiinamia. Mlio ulikuwa umekatika saa saba kamili, na saa nane ukarudi. Ukatoka, ukasikiliza kwa masikio yako, ukajua. Ilikuwa mashine ya jirani ya kusaga mahindi ya posho. Mwenyewe huizima akaswali adhuhuri na kula.

"Kumbe watu wa nyota ni Waislamu wenzetu!" nikasema, na safari hii ulicheka, ukacheka mpaka ukalia machozi. Ukaandika daftarini: *Mashine ya posho. Tuendelee.* Mimi nikanyamaza. Nirudi hotelini nimwambie afande kwamba mawasiliano yetu na mbinguni yalikuwa unga wa mahindi? Mimi, Zubeiri? Heshima yangu ingebaki wapi? Hiyo heshima, kaka, ndiyo bado ninayo. Chukua ukitaka.

Kisha vita ya kuing'oa serikali ikatufikia. Ndege zilipopiga huko magharibi, askari wakaanza kurudi nyuma kupitia Jinja, wengine wakapita kwetu kuelekea kaskazini, wamechoka, wana hasira, wanatafuta wa kumlaumu. Malukhu ikahama kwenda mlimani. Hanifa ulimpeleka na watoto kijijini kwao Budondo. Wewe ukabaki kulinda redio za watu, eti ni amana.

Kilichofuata kila mtu anakijua kwa vipande. Walikuja saa nne asubuhi. Waliorudi kutoka mlimani walikuta sinia limekanyagwa, redio zote zimebebwa, alama za lori uani. Wewe hukuonekana, mzima wala maiti.

Amani iliporudi, watu wakapaka rangi maduka, wakafungua masoko, na redio zako zikaanza kutokea huku na huku kwenye meza za mitumba. Nilizijua kwa ile desturi yako: kila redio uliyoitengeneza uliikwaruzia kwa msumari, ndani ya kifuniko cha nyuma, nyota ndogo pamoja na mwezi na mwaka. Nikatembea na bisibisi mfukoni. Jinja, Budondo, Mbale, popote nilipoona redio niliomba kuifungua. Watu wakaniona kichaa. Hanifa yeye alinielewa. Akili yake ilikuwa hii: ikipatikana hata moja yenye mwezi wa baada ya kupotea kwako, basi Sula yuko hai mahali, anashika bisibisi.

Kila nilipofika Budondo alitoka jikoni mikono ina unga. "Shemeji, umepata?"

"Nimepata mbili."

"Mwezi gani?"

Nikamwambia mwezi. Akarudi jikoni kunipakulia. Sahani yangu haikupungua hata siku moja, na hiyo ndiyo inayonikaba. Amekaa hivyo mpaka mtoto wenu wa mwisho ameota ndevu. Si mke, si mjane. Yuko mwalimu mmoja mtu mzima, mtu mwema, amemposa mara mbili. Kaka zake Hanifa wamekataa, wanasema mume wake hajulikani alipo. Khitma yako haijasomwa. Shehe kila mwaka anauliza, "Nani alimwona Sula mara ya mwisho?" Watu wote wananigeukia mimi, nami nawapa Jinja, nawapa mto, nawapa samaki. Wanacheka kidogo, wanatawanyika.

Nina hasira, kaka. Nina hasira na wale askari, na vita ile ambayo kila upande unasema ilituokoa. Wakati mwingine nina hasira na wewe: mtu mwenye akili kama zako, unatega sikio kwa viumbe wa mbali hivyo, na hukumjua ndugu uliyekua naye chumba kimoja.

Basi sikiliza, na Hanifa asikilize, na Shehe asikilize.

Sikuwa Jinja.

Nilikuwa ghalani, nyuma ya magunia ya kahawa ya baba, hatua sita kutoka kwako, natazama kwenye ufa wa mbao. Yule sajini alikuwepo. Walikuuliza kwa Kiswahili, "Unaita ndege za nani?" Na wewe Kiswahili hukuwa nacho. Wewe uliyejua jinsi ya kuzungumza na mwenye miguu sita, hukuwa na maneno kumi ya kumwambia mtu mwenye bunduki. Ukajibu kwa Kiingereza, na kila neno la Kiingereza liliwachoma zaidi. Ndipo ukaniita, kwa lugha ya mama. "Zubeiri! Njoo uwaambie! Waambie ilikuwa mashine ya posho!"

Ilikuwa sentensi moja tu ya Kiswahili. Ninayo. Ninazo elfu.

Ukaita mara ya pili. Nilisikia.

Mara ya tatu hukuita. Ulitazama ghalani, halafu ukageuza uso upesi, ukatazama sinia, ili wao wasifuate macho yako. Walikupiga risasi mbili za kifuani. Ulianguka juu ya waya, hukusogea tena, wakakutupa ndani ya lori pamoja na redio. Nimeona kwa macho yangu mawili, na niko tayari kuapa msikitini Ijumaa yoyote. Miaka yote hii nilifungua redio nikijua ni mwezi gani nitaukuta.

Hanifa, shemeji yangu, anza eda yako leo. Ikiisha, mwalimu aitwe. Chakula chako nilikula, na wewe nilikuonea.

Kaka, pumzika. Kama huko uliko kuna anayetega sikio, mwambie huku chini wapo watu, tena wana masikio mazuri.

Bahati sina. Samaki yule sikumla.

Mdogo wako uliyemwita,
Zubeiri